UZI: Ahadi za Mungu zinabisha hodi, moyo uliovunjika haufungui. Kizuizi kiko wapi?

Mwana_Kengeleni (Kisauni) · Jumatatu, saa 1:12 usiku

Hamjambo wanajukwaa. Someni Kutoka 6, mstari wa 6 hadi wa 9, kisha mnisaidie.

Mungu anamtuma Musa na ahadi saba mfululizo: nitawatoa, nitawaokoa, nitawakomboa, nitawatwaa, nitakuwa Mungu wenu, nitawaleta, nitawapa. Musa anafikisha kama alivyoambiwa. Mstari wa 9 unasema hawakumsikiliza, na sababu mbili zimeandikwa wazi: uchungu wa moyo na utumwa mgumu. Ule "uchungu wa moyo" kwa Kiebrania ni kama kusema pumzi fupi, mtu aliyebanwa kifua. Hapo hakuna neno linalosema walikuwa waasi, wala kwamba imani yao ilikuwa haba.

Nasema hivi: aliyekata tamaa mara nyingi hajaikataa ahadi. Haimfikii tu. Basi kumpigia kelele zaidi ni kazi bure, linalotakiwa ni kumpunguzia mzigo. Huku kwetu tunafanya kinyume. Mtu analia kimoyomoyo Jumapili, tunamwambia "ongeza imani".

Je, ni nini hasa kinachoziba, na mtu afanye nini hatua kwa hatua ili mlango ubaki wazi japo kidogo? Ombi moja: shuhuda zenu zina uzi wake. Hapa tuleteeni maarifa.

---

Mtumishi_Changamwe · Jumatatu, saa 1:40 usiku

Asante kwa mada. Nakubali nusu. Watu walewale wa Kutoka 6 walitoka, walivuka bahari, walikula mana, na bado kizazi kile hakikuingia Kanaani. Waebrania 3:19 inataja sababu kuwa ni kutokuamini. Kwa hiyo uchungu ni udhuru wa kweli siku za mwanzo, lakini ukiachwa unageuka tabia. Hesabu 14 utumwa mgumu ulikuwa umekwisha, na sentensi zao zilikuwa zilezile za Misri. Tusimfanye kila mtu mgonjwa. Wapo waliofunga mlango kwa mkono wao.

---

Shemasi_Tudor · Jumatatu, saa 2:25 usiku

Kabla hamjagombana kuhusu mlango, tuulize ni ahadi gani inayobisha. Sehemu kubwa ya watu waliovunjika moyo wamevunjwa na ahadi ambayo Mungu hakuwapa.

Chukueni Yeremia 29:11, ule mstari wa mawazo ya amani na tumaini siku za mwisho. Uko kwenye kalenda, kwenye matatu, kwenye kadi za mahafali. Ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo. Mstari wa 10, mmoja tu juu yake, unasema miaka 70. Aliyekuwa na umri wa miaka 30 siku barua inasomwa alikuwa anaambiwa kwamba atazikwa Babeli. Ndiyo maana mstari wa 5 na wa 6 unawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza. Ahadi ilikuwa ya kweli, ila iliwataka waishi vizuri mahali wasipopataka.

Na sura ya 28 inaonyesha mpinzani wa Yeremia. Nabii Hanania alitabiri miaka miwili tu na vyombo vya hekalu vitarudi. Bila shaka Hanania ndiye aliyependwa zaidi. Alisema hayo mwezi wa tano, akafa mwezi wa saba. Aliyeshika miaka miwili ya Hanania, mwaka wa tatu alikuwa na moyo gani? Huyo hakosi imani. Aliwekeza imani kwenye neno la mtu mwingine.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni daftari. Andika mstari unaoushikilia, kisha uujibie maswali matano: aliambiwa nani, ulitokana na hali gani, una sharti, umetajiwa muda, na Agano Jipya linauchukuaje. Swali la tano ndilo wengi huliruka, na ndilo linalokuruhusu wewe wa Tudor kusimama kwenye maneno ya watu wa Babeli (2 Wakorintho 1:20). Mistari mitatu kwa mwezi inatosha. Anayeandika thelathini hajibu maswali, ananakili.

---

Kijana_Bamburi · Jumatatu, saa 2:51 usiku

Shemasi, lakini waliondoka Babeli 538. Kutoka 597 hiyo ni miaka 59. Sabini zimepatikanaje?

---

Shemasi_Tudor · Jumatatu, saa 3:10 usiku

Swali zuri, wewe hukwepi hesabu. Wapo wanaoanza 605, Babeli ilipoanza kuzitawala nchi zile, hadi 539 ilipoanguka: kama 66, na sabini inachukuliwa kuwa ya jumla. Wengine wanahesabu hekalu: lilichomwa 586, likakamilika kujengwa upya 516, sabini kamili. Vyovyote utakavyohesabu, si miaka miwili.

---

Kusi_na_Kaskazi · Jumatatu, saa 3:34 usiku

Salaam. Wanangu, mwalitazama jambo hili kama watu wa bara. Mtu wa pwani yuwajua kuwa chombo kilichopwelewa hakijavunjika. Maji yamekitoka tu.

Jahazi la kwenda Arabuni lilingoja kusi, la kuja huku lilingoja kaskazi. Kaskazi huvuma kama Disemba hadi Machi, kusi huanza Aprili ikaenda hadi Septemba. Nahodha hakuwa akilala miezi ile. Chombo kilipandishwa pwani wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, kwani maji mafu hayakifikishi juu. Kikisha kukaa pakavu, wapigaji kalafati walitoa pamba kuukuu baina ya mbao, wakasindilia mpya iliyolowa mafuta, kisha chini kikapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Kazi hiyo haifanyiki chombo kikiwa majini. Ile ile kupwelewa ndiyo nafasi yake.

Kosa ni mawili. Wapo waliosukuma chombo kabla ya maji, mkuku, ule uti wa chini wa chombo, ukavunjika kwenye mwamba. Na wapo waliopitiwa na bamvua wakiwa wamekaa barazani, ikawabidi wangoje nyingine, wiki mbili. Habakuki 2:3 yasema ijapokawia, ingojee. Kungoja kuna vifaa vyake.

---

Mama_Kwaya · Jumatatu, saa 3:50 usiku

Mzee wa Kusi, Mungu akuweke. Nimecheka na nimenyamaza kwa pamoja.

---

NesiMagongo · Jumanne, saa 12:05 asubuhi

Habari za asubuhi. Nazungumzia mwili, maana hapa mmeuruka.

1 Wafalme 19. Elia ametoka kushinda Karmeli, anakaa chini ya mretemu anaomba afe. Tazameni Mungu anafanya nini, kwa mpangilio. Elia analala. Malaika anamgusa, kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, analala tena. Anaguswa mara ya pili, anakula, anaambiwa safari ni kubwa mno kwake. Hakuna ahadi iliyotamkwa hadi hapo. Hata karipio hakuna. Ahadi na kazi mpya zinakuja Horebu, baada ya usingizi mara mbili, milo miwili na siku arobaini za mwendo.

Kwa hiyo mtu akija amekata tamaa, maswali yangu ya kwanza si ya imani. Umelala saa ngapi usiku wa jana na juzi? Umekula nini tangu asubuhi? Una maumivu? Umejifungua karibuni? Kuna dawa uliacha? Upungufu wa damu na tezi ya shingo iliyolegea kazi vinaweza kumfanya mtu mchovu, mzito, asiyeguswa na lolote, na vyote viwili vinaonekana kwa kipimo cha damu. Mwombeeni, ndiyo, na mumpeleke akapimwe.

Kisha kuna sonona. Kiwango tunachotumia: huzuni au kukosa hamu ya kila kitu, karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na mabadiliko ya usingizi, hamu ya kula, nguvu, umakini, kujiona hufai, au mawazo ya kufa. Huyo anahitaji daktari. Dawa zikianzishwa, kichefuchefu na kuumwa kichwa huja wiki ya kwanza, nafuu huanza kuonekana wiki ya pili hadi ya nne, na wengine huchukua sita au nane. Hapa ndipo mambo huharibika: mtu anapata madhara kwanza, anaona hakuna faida, anaacha wiki ya pili. Au anapata nafuu mwezi wa pili, anaenda kesha, anaambiwa kumeza dawa ni kukosa imani, anakatisha ghafla. Kizunguzungu, kukosa usingizi, huzuni inarudi, kisha anaambiwa ni mapepo. Dawa hizi hupunguzwa taratibu, kwa mpango wa daktari.

Na mtu akitaja kutaka kufa, msimwachie mstari mkaondoka. Muulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kaeni naye, ondoeni dawa na sumu ya panya nyumbani, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Namba ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199.

---

Mtumishi_Changamwe · Jumanne, saa 1:30 asubuhi

Nesi, hilo la dawa nakuunga mkono kabisa, na watumishi wenzangu wasikie. Lakini usiutupe mfungo. Elia alifunga siku 40 kwenda Horebu. Kufunga ndiko kunakofungua masikio.

---

Shemasi_Tudor · Jumanne, saa 1:52 asubuhi

Mtumishi, soma tena mstari wa 8. Alikwenda kwa nguvu za chakula kile. Alilishwa mara mbili *kabla* ya zile siku 40. Mpangilio si mdogo hapa.

---

NesiMagongo · Jumanne, saa 6:48 mchana

Na nyongeza ya kazini: mwenye kisukari anayejidunga insulini au anayemeza vidonge vya kushusha sukari asifunge bila daktari, sukari hushuka hadi kuzimia. Vivyo hivyo mama mjamzito. Mtu ambaye kwa siku tatu hajala kwa huzuni huyo amefunga tayari, msimuongezee. Na kesha la saa tisa za usiku kwa mtu asiyelala huongeza tatizo lililomleta.

---

Mama_Kwaya · Jumanne, saa 7:20 mchana

Lakini Hana? 1 Samweli 1:7 alikuwa analia na hali chakula, na sala yake ikasikiwa.

---

BintiRabai · Jumanne, saa 8:15 mchana

Mama, endelea hadi mstari wa 18: akaenda zake, akala chakula, na uso wake haukukunjamana tena. Alikula *kabla* hajapata mimba. Samweli bado hayupo, na sahani iko mezani. Katika sura nzima huo ndio mstari ninaoupenda, maana kilichobadilika hapo ni yeye tu. Hali nyumbani ilikuwa ileile, Penina yuleyule.

Kilichokaa kati ya kutokula na kula ni kwamba alimimina. Mstari wa 15 anamwambia Eli, nimeimimina roho yangu mbele za Bwana. Nadhani mlango unazibwa na maneno ambayo mtu hajamwambia Mungu. Kanisani tunafundisha kusifu na kuomba, hatufundishi kulalamika, na karibu theluthi ya Zaburi zote ni malalamiko.

Ufundi wake upo. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu. Mstari wa 1 na wa 2 ni malalamiko, "hata lini" inarudiwa mara nne. Wa 3 na wa 4 ni ombi: uniangalie, uniitikie, unitie nuru machoni. Wa 5 na wa 6 ni tegemeo. Wiki nzima fanya hivi: chukua karatasi, gawa sehemu tatu. Sehemu ya kwanza mwambie Mungu lile lenyewe kwa jina lake. Usiandike "napitia changamoto". Andika "kodi ya miezi mitatu, na mwenye nyumba anakuja Ijumaa". Sehemu ya pili omba jambo moja. Sehemu ya tatu andika kitu kimoja alichowahi kufanya, hata kama ni cha Maandiko na si chako. Dakika 15, kisha isome kwa sauti. Sauti ni muhimu, kusoma kimya huturudisha kichwani.

Yanayoharibika: wengi huanza na sehemu ya tatu kwa sababu wanaogopa ya kwanza. Inakuwa sifa za mdomo, na usiku uchungu uko palepale. Wengine wanabaki sehemu ya kwanza siku 40, hawaombi chochote. Hayo ni manung'uniko ya jangwani, na tofauti yake na maombolezo ni nani anayeambiwa. Katika Hesabu 14 walisemezana wao kwa wao *juu ya* Mungu. Daudi alisema *na* Mungu.

Na siku ambayo sehemu ya tatu haiji, usiilazimishe. Zaburi ya 88 ina mistari 18 na inaishia gizani. Mwanga wake wote uko mstari wa kwanza, anapomwita Mungu wa wokovu wangu. Waliokusanya Zaburi hawakuiongezea mstari wa kufurahisha.

---

Ustadh_Kibokoni · Jumanne, baada ya Isha

Assalaam alaykum, jirani zangu. Nimesoma uzi wote. Mwalimu wa Rabai, uliyoyasema yako kwa Nabii Yaakub vilevile. Tazameni sura Yusuf, aya zilivyokaribiana. Aya ya 84 macho yake yanageuka meupe kwa huzuni. Aya ya 86 anasema kuwa sikitiko lake na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu tu. Aya ya 87 anawaambia wanawe wakamtafute Yusuf na ndugu yake, wala wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Huzuni, mashitaka, tumaini, na *tena* kazi ya miguu, yote ndani ya aya nne. Subira yake njema, aliyoitaja aya ya 18 na ya 83, haikumkausha machozi. Anayedhani subira ni kukaza uso hajasoma.

Kuhusu dua, Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi za Mtume, wamepokea kwamba mja hujibiwa madamu hana haraka, akasema nimeomba wala sikujibiwa. Wanazuoni wameieleza kuwa madhara ya haraka ni kuacha kuomba. Mtu haulizi "nimejibiwa?" kila asubuhi kama anayefungua tanuri kutazama mkate. Na katika hadithi aliyoipokea Ahmad, jibu lina njia tatu: hupewa alichoomba, au huwekewa Akhera, au huepushwa na shari mfano wake. Anayejua njia moja tu huona mlango umefungwa na hali umefunguliwa mwingine.

Kwa vitendo: theluthi ya mwisho ya usiku. Hesabuni kutoka Magharibi hadi Alfajiri, mgawe kwa tatu. Kwetu Mombasa Magharibi ikiwa saa 12:30 jioni na Alfajiri saa 11 asubuhi, usiku ni saa 10 na nusu, theluthi ni saa 3 na nusu, basi yaanza saa 7 na nusu usiku. Rakaa mbili fupi zatosha. Na Nesi ana haki, anayefanya hivyo alale mapema baada ya Isha, mwili una haki yake.

---

Kusi_na_Kaskazi · Jumanne, saa 3:05 usiku

Ustadh, wa alayka salaam. Na ile sura ya Sharh, pamoja na dhiki kuna faraja, yaliyorudiwa mara mbili?

---

Ustadh_Kibokoni · Jumanne, saa 3:22 usiku

Naam, 94:5 na 94:6. Wafasiri wametaja kuwa "dhiki" imekuja na alama ya kujulikana, ile "al" ya Kiarabu, kwa hiyo ni ileile moja mara zote mbili. "Faraja" imekuja bila alama hiyo, kwa hiyo ni mbili tofauti. Na neno ni *pamoja na*, halikusema *baada ya*.

---

Kijana_Bamburi · Jumanne, saa 4:00 usiku

Nyote mmenifaa. Mimi naona mfano uko hapahapa. Mmisionari Krapf alikuja Mombasa 1844, akafiwa na mkewe, hakukata tamaa, akajenga kanisa, watu wakajaa. Ahadi ikatimia mbele ya macho yake. Kaburi bado liko upande wa Nyali.

---

BintiRabai · Jumatano, saa 12:40 asubuhi

Kijana, mwanzo ni kweli, mwisho umeuremba. Rosine Krapf alifariki Julai 1844, na binti yao mchanga akamfuata siku chache baadaye. Mwaka huohuo Krapf alianza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhyiddin. Ustadh nadhani atafurahi kulisikia hilo. Lakini kanisa lililojaa hakuliona. Mmisionari mwenzake, Rebmann, alijiunga naye 1846, wakakaa Rabai. Mtu wa kwanza kubatizwa, Mringe, alikuwa mgonjwa aliyekaribia kufa. Krapf aliondoka 1853. Rebmann alibaki hadi 1875, miaka 29, akaondoka haoni, na waumini wakiwa wachache wa kuhesabika. Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru ambayo kengele yake ndiyo iliyompa Mwana_Kengeleni jina, ilianza mwaka huohuo anaoondoka.

Mfano ni mzuri, ila unafundisha Waebrania 11:13 na 11:39: walikufa katika imani, hawajaipata. Ukiusimulia kama hadithi ya mafanikio utamuumiza mtu wa mwaka wa 28.

---

Kijana_Bamburi · Jumatano, saa 1:05 asubuhi

Nimesahihishwa, asante dada. Nitaipeleka hivyo kwa vijana.

---

Mtumishi_Changamwe · Jumatano, saa 2:10 asubuhi

Hapo sasa mnamuua mtu kabisa. Mnamwambia ahadi ni miaka 70, au atakufa hajaipata. Ibrahimu aliipata! Alitoka Harani na miaka 75, Isaka akazaliwa yeye akiwa na 100. Miaka 25, wala hakusitasita, Warumi 4:20. Tusifundishe watu kutotarajia.

---

Shemasi_Tudor · Jumatano, saa 4:30 asubuhi

Sikatai. Ila ndani ya hiyo 25 kuna Mwanzo 15:2 anauliza utanipa nini nami sina mtoto, kuna Hajiri na kuzaliwa kwa Ishmaeli, Ibrahimu akiwa na miaka 86, na kuna 17:17 anaanguka kifudifudi anacheka. Paulo anahesabu mwelekeo wa safari nzima. Hakusema hapakuwa na siku mbaya. Na hilo ndilo linalomfungulia mlango mtu wa leo: swali na kicheko havikufuta ahadi.

Ishmaeli ndiye onyo. Baada ya miaka kumi ya kukaa Kanaani wakaamua kumsaidia Mungu. Kukata tamaa hakuji kwa kulia tu, huja kwa mpango wa haraka. Mkopo, ndoa ya wiki tatu, au ile sadaka ya mbegu ambayo mtu anaambiwa akituma kiasi fulani jibu linakuja kabla ya mwezi kwisha.

---

Mtumishi_Changamwe · Jumatano, saa 4:44 asubuhi

Hiyo ya mbegu yenye tarehe na bei siitetei. Malaki 3 ni zaka ya taifa kwa ghala la hekalu, haina tarehe ya malipo. Anayeuza ahadi kwa aliyevunjika moyo anamvunja mara ya pili.

---

Mama_Kwaya · Jumatano, saa 10:15 jioni

Leo mmekubaliana, niweke alama kwenye kalenda.

Mimi ni wa kutembelea wagonjwa, nataka kusema juu ya wageni, maana sisi pia tunaziba mlango. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kunena neno (2:13). Hiyo ndiyo sehemu waliyoipatia. Waliharibu walipofungua midomo. Sisi tunaanza na mdomo, tena watu kumi na wawili chumba kimoja Mikindani, kila mmoja na mstari wake.

Watu wawili au watatu wanatosha. Dakika ishirini. Piga simu kwanza. Nenda na chakula kilicho tayari, mahamri na mbaazi au wali kwenye hotipoti, usiende na unga wa kumpikisha. Uliza "jana usiku ulikuwaje", usiulize "unaendeleaje", maana jibu lake ni "salama" hata kwa anayezama. Mstari mmoja, mfupi, usomwe polepole mara mbili, bila mahubiri. Andika kwenye karatasi uiache karibu na taa. Kabla ya kutoka mwulize jambo moja la mikono: kuteka maji, kumpeleka mtoto shule, kusimama foleni ya kliniki. Na urudi. Wiki ya kwanza nyumba hujaa viatu mlangoni, wiki ya tano hakuna mtu.

---

Mwana_Kengeleni · Jumatano, saa 1:20 usiku

Nimesoma yote. Hatukubaliani kilicho kwenye kitasa: Mtumishi anasema mkono, Shemasi anasema ahadi bandia, Nesi anasema mwili, Binti anasema maneno yasiyosemwa, Mzee anasema maji bado. Nashikilia Kutoka 6:9 bado. Maana angalieni, Mungu hakuwakemea wale watu. Sura ya 7 anaanza kumshughulikia Farao.

Lakini nina mtu mahususi moyoni, hawezi kusoma hata mstari. Anafungua Biblia, herufi zinacheza. Huyo daftari halimsaidii.

---

Kijana_Bamburi · Jumatano, saa 1:31 usiku

Nilisikia kwa Kiebrania neno la tumaini, *tiqvah*, ni kamba. Ndiyo ile kamba nyekundu ya Rahabu, Yoshua 2:18. Basi ashike kamba tu.

---

Shemasi_Tudor · Jumatano, saa 1:50 usiku

Neno ni lilelile kwa herufi, ila wataalamu hawakubaliani kama mzizi ni mmoja au ni maneno mawili yaliyofanana, kama "kaa" la moto na "kaa" la baharini. Lifurahie, usilihubiri kama ushahidi.

---

BintiRabai · Jumatano, saa 2:15 usiku

Mwana_Kengeleni, asiyeweza kusoma asomewe. Rekodi Zaburi ya 13 kwa simu, sauti ya mtu anayemjua, haifiki dakika moja na nusu. Polepole, bila muziki nyuma. Umtumie na sauti ya pili, ya Maombolezo 3, mstari wa 19 hadi 26, maana pale mwandishi anakumbuka uchungu kwanza kisha ndipo anajikumbusha huruma zisizokoma. Asikilize mara moja kabla ya kulala na mara moja akiamka, si mchana kutwa. Wiki moja kwa sauti hizo mbili. Asitumiwe nyingine hata akiomba.

---

NesiMagongo · Jumatano, saa 2:40 usiku

Na herufi kucheza kumeanza lini? Kama ni zaidi ya wiki mbili, rudi kwenye ujumbe wangu wa jana. Kama kuna kuumwa kichwa pia, apimwe presha na macho kesho.

---

Mwana_Kengeleni · Jumatano, saa 2:47 usiku

Tangu mwezi uliopita. Kesho asubuhi nampeleka, asante Nesi.

---

Mama_Kwaya · Jumatano, saa 3:02 usiku

Swali la pembeni: huo mretemu wa Elia ni mti gani? Watoto wa Jumapili wanauchora kama mwembe.

---

Shemasi_Tudor · Jumatano, saa 3:20 usiku

Ni kichaka cha jangwani, Kiebrania *rotem*, watafsiri wetu wakalichukua neno likawa mretemu. Mara nyingi hakimpiti mtu urefu kwa mengi, vijiti vyembamba, majani karibu hayapo. Kivuli chake ni cha kuchuja jua tu. Waambie wachore mtu aliyejikunja chini ya kitu kisichomtosha, na mkate karibu na kichwa.

---

Mtumishi_Changamwe · Jumatano, saa 3:33 usiku

BintiRabai, hiyo karatasi ya sehemu tatu, Ijumaa kwenye ibada yetu wako kama arobaini. Naigawa vipi bila kumlazimisha mtu asome yake mbele za watu?